Yah: Malalamiko kuhusu IC za chaji zilizofutwa maandishi na bodi iliyong'olewa padi kauntani kwenu

Meneja wa Tawi,
Duka la Vipuri vya Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe na mwenye mamlaka ya kuamua. Isiishie mikononi mwa kijana wa kaunta, maana naye yumo humu ndani.

Nilinunua kwenu mkanda wa IC za chaji BQ24780S, yaani chipu ndogo zinazosimamia umeme wa adapta na betri kwenye bodi ya laptop, vipande 20, kila kimoja Sh 12,000, kwa maelezo kwamba ni mpya na orijino. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Masharti yenu ya mauzo mnayajua kuliko mimi, sina haja ya kuyaorodhesha. Nitaligusa moja tu, lile mlilolitumia kunifunga mdomo.

IC hizi si mpya. Ukipitisha pamba yenye asetoni juu yake, weusi unahamia kwenye pamba na maandishi mengine yanajitokeza chini. Kidoa cha kuonyesha mguu wa kwanza kimejazwa rangi hadi kimekuwa sawa na uso wa IC, na kwenye darubini inaonekana mikwaruzo ya msasa inayoelekea upande mmoja. Mkanda mmoja una namba za toleo tofauti tofauti, wakati mkanda wa kiwandani kwa kawaida hubeba toleo moja. Na mkizigeuza, lile bati la katikati la ardhi lina vilima vya risasi ya kuchomelea iliyokwishayeyuka siku nyingi. IC ambayo haijawahi kukaa kwenye bodi huwa tambarare chini. Hizi zimeng'olewa kwenye bodi za taka, zikapakwa rangi, zikaandikwa upya.

Msiniambie ni suala la ufundi wangu. Kabla ya kuilaumu IC, kila bodi ya laptop niliyozichomelea ilipimwa: rezista za kupimia mkondo za miliomu 10 ni nzima, mosfeti, yaani swichi za kuingizia umeme, hazina shoti, laini ya volti 19 haina shoti na ardhi. Pawa saplai ya mezani ikitoa volti 19, mguu wa VCC unaoilisha IC unazipata zote, na ACDET, mguu wa kutambua adapta, unavuka volti 2.4. Hapo REGN, mguu wa umeme ambao IC hujitengenezea yenyewe, hauna sababu ya kutotoa volti 6. Kwenye IC zenu, kuna zinazotoa chini ya volti 2, na kuna zisizotoa kitu ila zinachemka hadi kidole hakivumilii. Nyingine REGN ni safi lakini ACDRV, mguu wa kufungulia mosfeti, haupandi kufika karibu na volti 25, kwa hiyo mosfeti za mlangoni hazifunguki na umeme wa adapta unaishia hapo hapo. Ukichomelea mahali pale pale IC iliyotolewa kwenye bodi mbovu ya zamani, REGN inarudi kwenye volti 6 na laptop inawaka.

Zile zilizokufa kabisa nazishukuru, maana zinajitangaza mezani. Zinazoumiza ni zile nusu nzima: laptop inawaka kwa adapta, inapita majaribio yote ya haraka, ila IC haiwasiliani na chipu ya kidhibiti cha laptop kupitia laini za data na saa, na betri haipandi hata asilimia moja. Anayeuza laptop zilizotumika anaelewa maana yake. Mashine ya Sh 450,000 inaondoka na mteja, inarudi wiki hiyo hiyo, na jina linalochafuka si lenu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike badala ya kumezea.

Nilileta bodi moja ya mteja wangu kauntani kwenu pamoja na IC zilizobaki ili mjionee wenyewe. Kijana wenu aliichukua bodi akisema anaipima. Hakuipima. Alishika blowa ya hewa moto akaielekeza kwenye IC bila tone la fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi iyeyuke vizuri, akaingiza kibano chini yake na kuinyanyua kwa nguvu. IC ilitoka na padi zake, vile vibati vya shaba vya bodi ambako miguu huchomelewa. Kisha aliiinua bodi juu mbele ya wateja waliokuwa pale na kusema, "Hawa ndio mafundi wa kubahatisha mnaowapa laptop zenu." Akanirudishia, akaongeza kwamba bidhaa ikishachomwa haina garantii.

Hilo ndilo sharti ninalotaka mnieleze. BQ24780S ina miguu 28 kwenye kipande cha milimita 4 kwa 4, na miguu yote iko chini ya tumbo. Haina soketi. Haipimwi kwa mita ikiwa mkononi. Njia pekee ya kujua kama inafanya kazi ni kuichoma kwenye bodi na kuipa umeme. Garantii inayokufa pale IC inapoguswa na risasi ni kuuza chumvi kwa sharti isionjwe. Kama hamna nia ya kurudisha fedha ya mtu, andikeni wazi kwenye risiti, tujue tunacheza bahati nasibu.

Na kabla ya siku hiyo ya kauntani nilikuwa nimewatumia picha za darubini kwa WhatsApp, zenye pamba nyeusi na maandishi ya chini yakisomeka vizuri. Jibu lililokuja ni "pole sana boss, lete dukani tuone." Nikaleta dukani. Mkaona.

Narudia, kwa sababu naona mnaweza kulichukulia kama ajali ndogo. Blowa ile ilikuwa imewekwa digrii 480, namba zilisomeka kwenye kioo chake. Hakukuwa na hita ya chini. Hakukuwa na tepu ya kaptoni kuzuia vipande vya jirani. Mtu anayejua kazi huipasha bodi kwanza kutoka chini hadi digrii 120 au 150, kwa sababu bati la katikati la IC hiyo limeunganishwa na tabaka za ardhi ndani ya bodi kwa vitundu vingi, na tabaka hizo hunyonya joto lote unaloleta kutoka juu. Risasi ya kiwandani isiyo na ledi huanza kuyeyuka kwenye digrii 217, ile yenye ledi, ya 63/37, kwenye 183. Unaweka fluksi, unashusha blowa kwenye 360 hivi, unasubiri, unaigusa IC kwa ncha ya kibano. Ikicheza na kurudi yenyewe mahali pake, imeyeyuka chini yote, unainyanyua bila nguvu. Isipocheza, unasubiri. Kijana wenu hakusubiri. Miguu ya pembeni iliyeyuka, katikati bado ni jiwe, yeye akatumia kibano kama mtaimbo. Ndiyo maana padi zilitoka na nyuzi zake za shaba, na vitundu vya katikati vikang'oka navyo. Kapasita ndogo za jirani zilipeperushwa na upepo, sijui ziko wapi hadi leo, na soketi ya betri iliyeyuka ikajikunja. Harufu ya plastiki ilijaa duka. Halafu ndipo akaiinua juu, na yale maneno, na watu wakacheka.

Bodi ile ilipoingia dukani kwenu ilikuwa hai. Ilikuwa na volti 3.3 na volti 5, ikiwekewa betri iliyojazwa kwingine inawaka na kuonyesha picha. Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ni IC yenu. Ilipotoka kwenu, nyuzi zinazoingia tabaka za ndani zimekatikia ndani, mahali ambapo waya wa kuruka haufiki bila kuchimba bodi. Kuna fundi anayeweza kuikomboa, lakini ujira wake utazidi bei ya bodi nyingine iliyotumika, na nani ataiamini tena?

Madai yangu ni haya. Kwanza, Sh 240,000 za IC zote 20. Za mkanda mtazirudishiwa, ila nabaki na tatu kama ushahidi. Pili, Sh 180,000 za bodi mbadala ya mteja.

Nilikusudia kuishia hapo. Nikiyakumbuka yale maneno ya kauntani, sioni kwa nini niishie hapo. Kwa hiyo, tatu, nataka barua ya kuomba radhi yenye mhuri wa kampuni, inayotamka kwamba bodi iliharibiwa na mfanyakazi wenu, maana mteja wangu anaamini niliiharibu mimi. Nne, mikanda iliyobaki ya shehena ile itolewe kwenye kabati la kioo. Mnaendelea kuiuza, fundi mwenzangu ameinunua na ametokewa na pamba nyeusi ile ile.

Nawapa siku saba za kazi tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, sampuli tatu, risiti ya EFD, picha na mazungumzo ya WhatsApp vitafikishwa Tume ya Ushindani, FCC. Bidhaa bandia zinashughulikiwa pale chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na kumdanganya mlaji ni kosa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Mahakamani nako kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na sharti lenu la "ikishachomwa" mtalitetea mbele ya hakimu. Huko sitadai Sh 420,000 peke yake. Nitadai na kila laptop iliyorudishwa kwa sababu ya IC hizi, na orodha ninayo kwa namba za mashine.

Picha za darubini mafundi wa mtaa wetu bado hawajazipata. Nimezishikilia kwa hizo siku saba tu.

Wenu,

Fundi wa bodi na muuzaji wa laptop zilizotumika,
Kariakoo.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, picha za IC kabla na baada ya asetoni, picha za bodi, pande zote mbili.

Nakala: Mkurugenzi wa kampuni, makao makuu. Tume ya Ushindani, FCC (itapelekwa siku ya nane).