Barua kwa mwanangu: lile somo la pembeni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Kwamba uhasibu unaendelea nao, ila unataka kuongeza haki za kijamii kama somo la pembeni. Mama yako kafurahi. Mimi nikauliza ada inapanda au haipandi (unanijua). Umesema haipandi, basi hilo limeisha.

Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia. Babu yako alipofariki mwaka 1996, kikao cha ukoo kilikaa kugawa kibanja, lile shamba lake la migomba na kahawa. Shangazi yako alikuwa mlangoni, karai mapajani, anamenya ndizi za wageni. Mzee mmoja akasema mtoto wa kike ataolewa, ardhi ibaki kwa wanaume. Yeye hakusema neno, kisu tu kikasimama kwenye ganda. Nami nikanyamaza, nikaendelea na rubisi yangu, pombe yetu ya ndizi. Kahawa ya kipande nilichopewa siku ile ndiyo iliyokulipia sekondari. Shangazi yako mpaka leo anapanga chumba Kashai, mjini Bukoba.

Na siyo kwamba nilikuwa sijui. Kesi ya Holaria Pastory ilitoka huku huku kwetu, Muleba. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, mwaka 1988 Holaria akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo: mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Wilayani ikapinduliwa, na mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na Katiba. Kisha ikaja sehemu ninayoipenda mimi: mpwa akilitaka shamba, amrudishie mnunuzi laki tatu zake ndani ya miezi sita. Hapo utaona uhasibu wako haujakaa mbali.

Kwa hiyo hukumu ilikuwa na miaka sita tulipomnyima dada yangu.

Somo hilo lisome. Ukija Desemba, kabla ya kuanza kuzunguka kwa rafiki zako, nikalie siku moja na daftari. Tupime kipande changu tukigawe, tuandike, mwenyekiti wa kijiji ashuhudie. Migomba ya upande wa chini ndiyo inayozaa, hiyo iwe ya dada yangu.

Shangazi yako bado sijamwambia. Usimpigie.

Baba yako