Shoga yangu, kuhusu baba

Mambo mpenzi, nimeisoma meseji yako yote kuhusu baba na huo ugonjwa wa akili, skizofrenia, pole sana mwaya. Uliposema mzee anazima tivii kwa sababu mtangazaji anamsema yeye nikajua kabisa unachopitia, mama yangu nae alianza hivohivo, akawa anaziba matundu ya ukuta kwa magazeti eti majirani wanamsikiliza. Usibishane nae, kwake yeye ile sauti ipo kweli, ila pia usimkubalie, mwambie tu baba mi siisikii ila naona unaogopa, nipo hapa.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wako. Yani miaka 13 ndo anampa baba dawa, usiku analala sebuleni kumchunga, asubuhi anasinzia darasani? Hapana jamani, kaeni na mama na shangazi mgawane, mmoja ashike dawa mwingine kliniki, yeye arudi shule. Na mumwambie ugonjwa unaitwa skizofrenia, mtoto asipoambiwa kitu anaweza kudhani yeye ndo kamkasirisha baba.

Kama vidonge anatema muulizeni daktari ile sindano ya mwezi, mama yangu ndo inamshikilia mpaka leo. Mwanzo ilimkaza mikono akawa hawezi hata kusukuma chapati, wengine wakifika hapo wanaacha dawa kimyakimya, sisi tukarudi kliniki wakapunguza dozi wakamwongezea na kidonge cha kulegeza, siku hizi anasukuma za nyumba nzima.

Lile swali lako la mwisho, kama na nyie watoto mnaweza kuupata, ndio, unatembea kwenye ukoo, ila mzazi mmoja akiwa nao uwezekano wa mtoto kuupata ni kama asilimia 10, maana yake wengi hawaupati. Bangi tu msiguse, wewe na mdogo wako, inaweza kuuamsha.

Shangazi akitaka maombi sawa, aombe, ila dawa zisisimame. Na msirushiane maneno kwamba karogwa, sijui nani kamroga, lawama na kelele za kila siku ndani zinaweza kumrudisha alikotoka. Akitulia mwacheni awe baba, mumuulize ada, mumuulize posa ya dada yako, msiamue vitu juu ya kichwa chake kama hayupo, mama yangu tulipoanza kumpa hela ya sokoni mwenyewe ndo tukaona anachangamka.

Jumamosi natoka kazini saa nane nakuja moja kwa moja, nitakaa na mzee, we na mama mkalale. Mwambie mama asipike, naja na samaki.