Filamu ya Soderbergh inahusu fedha zaidi

Mhariri,

Naandika kuhusu uhakiki wa filamu ya The Girlfriend Experience (2009) ya Steven Soderbergh katika safu yenu ya burudani. Mhakiki ameishutumu kuwa ni baridi na chafu. Ubaridi naukubali. Uchafu siuoni, maana matukio ya ngono yenyewe ni machache mno.

Hadithi inatokea Manhattan, Oktoba 2008, muda mfupi baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka. Matajiri wanaomlipa Chelsea, mhusika mkuu, ili awe mpenzi wao wa usiku mmoja hawaishi kulalamikia uchumi. Yeye mwenyewe huweka kumbukumbu kama mhasibu: alivaa gauni gani, walikula wapi, mteja alisema nini. Hata mpenzi wake, mwalimu wa mazoezi, anahangaika kuuza muda wake kwa wenye pesa. Hilo mhakiki hakuligusa kabisa!

Naomba mumpe mwandishi wenu wa habari za uchumi nafasi ya kuihakiki upya, na mweke onyo kwamba ni ya watu wazima tu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam