Jani la kufuma huharibika kwenye mtande

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie ua la kudarizi linalosimama, lile ambalo petali zake, tunazoziita majani, zimeshikwa kitambaani kwenye kitako tu, na sehemu iliyobaki iko hewani, unaweza kuifunua kwa kidole. Mtu akifundishwa ua hili huonyeshwa kufuma, juu, chini, juu, kisha anaachwa. Matokeo yake ni jani lenye kiuno kama nyigu, au lililojikunja, au lililolegea mpaka linaonyesha matundu, na mwanafunzi anaambiwa hana mkono wa kudarizi. Hatukubaliani na hukumu hiyo. Karibu kila jani bovu limeharibika kabla ya kufuma kuanza, kwenye zile nyuzi tatu za kwanza.

Wafumaji wa nguo huziita nyuzi zinazotangulia mtande, na uzi unaopita katikati yake huitwa mshindio. Maneno hayo yanafaa sana hapa, maana mshono huu ni ufumaji kamili wa nguo, ila umefanywa kwa sindano juu ya kitambaa kingine, na nguo yenyewe ina ukubwa wa ukucha. Aliyewatazama wasukaji wa vikapu vya milulu hapa Iringa anaelewa mara moja: ile milulu inayosimama ikilegea, kikapu kinapinda hata msukaji awe hodari namna gani.

Kwanza vifaa. Kitambaa kiwe cha pamba iliyofumwa kwa kubana, au kitani. Bafta nyembamba haifai peke yake kwa sababu jani lina uzito na litaivuta, hivyo iwekee kitambaa cha pili kwa nyuma. Kitambaa cha fulana kiache kabisa. Kaza kazi kwenye fremu ya duara mpaka ukikipiga kidole kilie kama ngoma. Sindano ni mbili, moja kali ya kutoboa kitambaa na moja butu ya kufumia. Usipokuwa na butu, fuma kwa kutanguliza upande wa tundu la sindano. Ncha kali inapasua nyuzi za mtande, na ukishaupasua uzi huwezi tena kuusogeza mstari wa mshindio juu.

Uzi mzuri kuliko yote ni wa pamba uliosokotwa ukawa wa duara, namba 8. Ukitumia uzi wa kawaida wa kudarizi wenye nyuzi sita, gawanya utumie tatu. Uzi wa cherehani ni mwembamba mno, utafuma siku nzima. Uzi wa sweta, ambao kwa baridi ya Njombe na Mufindi haukosekani nyumbani, unadanganya: unanyumbuka wakati wa kutanda, jani linaonekana zuri, ukichomoa pini linarudi nyuma na kuwa fupi. Kata sentimita 75 kwa jani moja lenye urefu wa sentimita 2. Usipunguze, kwa kuwa kuunga uzi katikati ya jani kunaacha kifundo kisichofichika.

Sasa mtande. Chora kwa penseli mstari wa kitako wenye sentimita 1 na uweke nukta katikati yake. Kutoka kwenye nukta pima sentimita 2 kwenda juu, hapo ndipo ncha ya jani. Chukua pini ndefu nyembamba yenye kichwa cha duara, ichome kwenye ncha hiyo, ipite chini ya kitambaa na itokeze nusu sentimita chini ya mstari wa kitako. Kichwa kibaki nje, kimeinuka kidogo. Ule upande mkali unaochungulia uchomeke kwenye kipande cha kifutio cha penseli, la sivyo uzi utanasa hapo kila safari na kidole nacho hakitasalimika. (Damu ikidondoka kwenye kitambaa cheupe, maji baridi papo hapo. Maji ya moto huigandisha.)

Funga uzi kwa nyuma na uutokeze mwisho wa kushoto wa mstari. Upandishe, uzungushe nyuma ya kichwa cha pini, uuteremshe uingie mwisho wa kulia. Hapo una nyuzi mbili. Tokeza sindano kwenye nukta ya kati, ukiikwepa pini kwa unywele, pandisha uzi tena hadi kichwani na uupitishe nyuma ya pini kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio wa tatu, na uzi unaobaki mkononi mwako ndio mshindio.

Kabla ya kuendelea, pima ukazaji. Gusa kila uzi kwa ncha ya sindano: unatakiwa usogee kidogo na kurudi wenyewe mahali pake. Ukibaki umepinda, umelegea. Kitambaa kikifanya mikunjo kwenye kitako, au pini ikianza kuinama, umekaza kupita kiasi. Mtande uliokazwa mno hausumbui wakati wa kufuma, ndiyo maana watu wanaupenda. Unakuja kusumbua pini inapotoka: nyuzi zinajivuta, jani linafupika na kutoa nundu katikati. Mtande uliolegea nao unakubali kuvutwa na mshindio, upande mmoja zaidi ya mwingine, na jani linapinda kama ndizi.

Mkosaji mkubwa ni uzi wa tatu. Zile mbili za pembeni zimeshikwa pande zote mbili, huu wa kati umeshikwa chini tu, kwa juu unaendelea moja kwa moja kuwa mshindio. Kwa hiyo kila unapovuta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaufupisha na uzi wa kati wenyewe. Dawa yake ni ndogo mno kiasi kwamba wengi hawaitaji kabisa wanapofundisha: bana kichwa cha pini pamoja na uzi kwa dole gumba la mkono wa kushoto mpaka mistari mitano au sita ipite. Baada ya hapo msuguano wa mistari yenyewe unaushikilia.

Ingiza kipande cha karatasi ngumu chini ya mtande, kutokea pembeni, kikatwe kwa umbo la jani: pembetatu ya sentimita 1 kwa 2. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili, inazuia sindano isiokote kitambaa, na inakuonyesha papo hapo kama kingo zinaingia ndani.

Kufuma kwenyewe ni maneno machache. Toka kulia kwenda kushoto: juu ya uzi wa kulia, chini ya uzi wa kati, juu ya uzi wa kushoto. Rudi: chini ya kushoto, juu ya kati, chini ya kulia. Ni hizo safari mbili, zinajirudia hadi kitako. Karibu na pini hakuna nafasi ya sindano, basi usilazimishe. Pita chini kidogo kisha usukume mstari juu kwa ncha ya sindano butu. Endelea kusukuma kila baada ya mistari miwili. Mtande usionekane hata kidogo katikati ya mistari, ukionekana hujasukuma vya kutosha.

Kiuno kinatokea kwenye kona. Mfumaji akigeuka, anavuta uzi kwenda pembeni, nao unaubeba uzi wa ukingo kuuingiza ndani. Kosa la mstari mmoja halionekani, lakini baada ya mistari kumi jani limeshakabwa. Vuta uzi kuelekea ncha ya jani, si pembeni, na kwenye kila kona shikilia uzi wa ukingo kwa ukucha hadi mstari ukae. Kingo zikishaachana na karatasi, fumua. Hakuna namna ya kupanua kiuno kwa mistari inayofuata. Ukijaribu unapata jani lenye umbo la kibuyu. Kufumua kufanyike kwa tundu la sindano, mstari mmoja mmoja, bila mkasi.

Ukiona mistari miwili imelala pamoja kama mmoja mnene, ujue umerudia safari ileile mara mbili.

Ukifika kitakoni, zamisha sindano kitambaani upande ule uzi ulioishia. Hapa kuna jambo linalofanya majani yang'oke kwenye maji: kitako kinashikwa na matundu matatu tu. Kwa hiyo, kabla ya kufunga, piga mishono midogo miwili inayoshika mstari wa mwisho pamoja na kitambaa, mmoja kila upande wa nukta ya kati. Funga nyuma kwa kupitisha uzi chini ya mishono hiyo, bila fundo kubwa. Usiburuze uzi kwenda jani jingine lililo mbali zaidi ya sentimita moja na nusu. Kata uanze upya. Sasa toa karatasi, kisha chomoa pini taratibu huku umelishika jani.

Kuna wanaokwepa yote haya kwa kufuma petali pembeni na kuzibandika kwa gundi ya moto. Mnunuzi atagundua siku ya kwanza ya kupiga pasi, gundi ikiyeyuka.

Kuhusu michoro, hatuoni haja ya kunakili waridi za kwenye makopo ya biskuti wakati Rungwe na Mufindi zimejaa chai. Majani mawili na chipukizi, vile mchumaji anavyovunja, ni mchoro ulio tayari kwa mshono huu: majani mawili ya sentimita 2.5 yenye kitako cha sentimita 1, na chipukizi la sentimita 1.5 lenye kitako cha milimita 4 tu. Chipukizi ndilo gumu, kwa sababu nyuzi tatu zimebanana. Lifume mwisho, mkono ukishazoea. Mchoro mwingine uko Kitulo, ile nyanda ya maua iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ua la okidi lina sepali (vipande vya nje vya ua) tatu na petali tatu, na petali moja kati ya hizo ina umbo lake la pekee, hujitokeza kama mdomo. Mdarizi mwenye jicho hainui zote sita. Anajaza tano kwa mshono bapa na kuufuma mdomo peke yake, ukasimama. Ukiinua kila kitu, ua linakuwa kama kichaka na hakuna kinachoonekana.

Waridi la kufuma ni ndugu wa jani hili na ni rahisi zaidi, tunalitaja kwa kifupi. Chora duara la sentimita 2, piga nyuzi tano kutoka ukingoni kuja katikati kama miale, kisha fuma kwa kuzunguka, juu ya mmoja, chini ya mwingine. Andaa mita moja ya uzi. Miale lazima iwe tano au saba. Ikiwa sita, mzunguko wa pili utapita palepale ulipopita wa kwanza na hakuna kitakachofumika. Kupata miale mitano iliyo sawa bila kifaa, weka uso wa saa juu ya duara na utie alama kwenye dakika ya 12, 24, 36, 48 na 60. Mizunguko miwili ya kwanza ikaze, inayofuata ilegeze, na uendelee kuzunguka hata miale ikishafichika. Waridi lililokazwa mpaka mwisho linabaki bapa kama kifungo.

Kufua: kabla ya kutumia uzi mwekundu au wa buluu iliyoiva, ulaze mbichi kwa maji juu ya kitambaa cheupe na uupige pasi ya moto. Ukiacha rangi, usiutumie kwenye kitambaa cha meza. Kazi iliyokamilika ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe kwa kusokotwa, ianikwe bapa kivulini juu ya taulo. Masika ya huku kitambaa kinaweza kukaa na unyevu siku mbili, na jani likikauka limelaliwa linabaki hivyo. Linyanyue na kulitengeneza kwa vidole lingali na unyevu. Pasi ipite kwa nyuma, maua yakiwa yametazama taulo nene lililokunjwa mara mbili. Wanga kidogo unasaidia majani kusimama, lakini uwe mwepesi kama maji ya mchele, kwani wanga mzito unaacha weupe katikati ya mistari.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni moja. Kurasa za ufundi magazetini huchapa picha ya ua lililokwisha, tena kwa mbali. Siku mtakapochapa ua la aina hii, ongezeni picha mbili: moja ya mtande mtupu ukiwa kwenye pini kabla ya mstari wa kwanza, na nyingine ya upande wa nyuma wa kitambaa.

Wadarizi,
Mafinga, Iringa