Kwa dada uliyepokea simu yangu ya kuomba msaada usiku ule

Hukunitajia jina, nami sikuwa na akili ya kuuliza. Mwanangu alikuwa ametoka kuniambia kwamba ndugu yetu mmoja amemnajisi, nami nilikuwa nimeshika ndoo, nataka kuloweka nguo zake. Ukasema, "Mama, weka ndoo chini kwanza." Nguo zisifuliwe, ziingie kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na ushahidi huharibika. Mtoto asiogeshwe mpaka daktari amwone. Na tusingoje kuche, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora.

Nilitaka kumhoji mpaka aseme yote. Ukanikataza. Nimwambie mambo matatu tu: nakuamini, si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Nikayasema sauti ikitetemeka. Akanilalia mapajani.

Wiki kadhaa kabla alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, na kila akija yule ndugu yetu anajificha nyuma ya mlango. Mimi nikamgombeza eti hana adabu! (Hilo bado linanichoma.) Hukunilaumu. Ulisema tu dalili kama hizo zaweza kuwa na sababu nyingine, ila zinastahili kuulizwa kwa upole, na kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto hivi ni mtu anayeaminiwa nyumbani. Ukanizuia nisimkabili ndugu huyo mimi mwenyewe wala kuitisha kikao cha ukoo. Nikaenda polisi.

Asante, dada. Siku hizi mwanangu akikataa kukumbatiwa na mgeni, simlazimishi. Anapunga mkono tu, anarudi kucheza.