Somo gumu kuliko yote: barua kwa mwanangu anayesomea uhandisi ujenzi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku baada ya kutoka saiti, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Unasema kaka zako wa mwaka wa tatu wanawatisha kwa habari za sapu, yaani mitihani ya marudio, na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, nawe unataka nikutajie somo gumu kuliko yote ili ujipange mapema. Nitakutajia ninaloliamini mimi, hata kama halifanani na watakalokwambia wao.

Wao watataja uchambuzi wa miundo, yaani kukokotoa jinsi jengo linavyobeba mizigo, au mekanika ya vimiminika, kwa sababu huko ndiko sapu zinakoonekana. Lakini mkalishe chini aliyefeli uchambuzi wa miundo, mpe boriti moja ya kawaida achore kani ya kukata, ile nguvu inayotaka kuikata, na momenti ya kupinda, ile inayotaka kuipinda. Wengi wanakwama hapo hapo. Shida ilianza mwaka wa pili, kwenye somo la uimara wa vifaa, na pengine kabla ya hapo, kwenye statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia. Alifaulu kwa kukariri pastipepa, mitihani ya miaka iliyopita, akavuka na pengo lake. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, la kuogopa ni hilo la uimara wa vifaa, tena unalisoma muhula huu.

Ugumu wake hautokani na hesabu. Hesabu za kidato cha sita ulizimudu. Ugumu ni kwamba kwa mara ya kwanza unatakiwa uone kinachotokea ndani ya kitu ambacho kwa macho kimetulia tu. Chukua boriti ya mita 4 iliyolala juu ya kuta mbili, imebeba kilonyutoni 10, uzito wa karibu tani moja, kwa kila mita. Momenti kubwa kabisa iko katikati, nayo ni kilonyutoni-mita 20. Sasa sogeza kuta ziachane kwa mita 8, mzigo wa kila mita ubaki ule ule. Momenti haiwi 40, inakuwa 80. Na kule kubonyea kwa boriti katikati, ikiwa hukuiongezea kimo, kunakuwa mara 16. Mwenye nyumba anayekuomba uondoe nguzo moja sebuleni ili apate nafasi hajui kwamba anaomba hayo yote. Wewe ndiye unayetakiwa kujua, tena kabla hujagusa kikokotoo.

Boriti hiyo ikipinda, upande wa chini unavutwa na wa juu unabanwa. Zege linavumilia sana kubanwa, ila nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu ya kumi tu ya hiyo, ndiyo maana nondo kuu tunazilaza chini. Lakini njoo kwenye kibaraza cha ghorofani kinachochomoza nje bila nguzo mbele yake. Pale juu ndiko kunakovutwa, na nondo lazima zikae juu. Nimeliona hili saiti zaidi ya moja: fundi amefunga nondo vizuri, amezinyanyua panapotakiwa, halafu siku ya kumwaga zege vibarua wanapita na karai, wanazikanyaga, zinashuka hadi katikati ya slabu. Mbao zikitolewa, kibaraza kinapendeza, kimenyooka, hakuna anayeweza kujua kwa kutazama. Atakayesimamisha kazi siku ile ni yule aliyeuelewa mchoro wa momenti, wala hahitaji kufungua daftari. Mkufunzi anapokukata alama kwa kuchora momenti upande usio wake, usinung'unike. Anakukata kwa ajili ya kibaraza hicho.

Ukilishika hilo, uchambuzi wa miundo unabaki kuwa mrefu, si wa kutisha. Hadi mwaka 1930, kukokotoa fremu ya ghorofa, yaani nguzo na boriti zake zilizoungana, kulimaanisha kutatua rundo la milinganyo kwa pamoja, kwa mkono. Mwaka huo Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, alichapisha makala ya kurasa 10 akaonyesha njia nyingine: unafunga viungo vyote visizunguke, kisha unafungua kimoja kimoja na kugawa momenti iliyobaki kwa jirani zake, unarudia mpaka vyote vitulie. Mtaifundishwa, na mtasema imepitwa na wakati kwa sababu kompyuta inamaliza kazi hiyo kwa sekunde. Ifanye kwa mkono hata hivyo, mpaka mwisho. Programu haikatai data mbovu. Ukiiambia kwamba kiungo kimefungwa kabisa wakati saiti kinaweza kuzunguka, itakupa namba nzuri zenye desimali tatu, na asiyewahi kugawa momenti kwa mkono atazipeleka hivyo hivyo.

Mekanika ya vimiminika inawachosha watu kwa sababu nyingine. Sehemu ya kwanza ni safi, milinganyo imenyooka, halafu ghafla mnaanza kuambiwa mtumie viwango vilivyopatikana kwa majaribio. Osborne Reynolds, Manchester, mwaka 1883, alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo: maji yakienda polepole, rangi inanyooka, yakienda kasi, inavurugika na kutawanyika. Baada ya pale hesabu safi peke yake haitoshi, na mwanafunzi aliyezoea jibu moja tu anahisi ameonewa. Mimi nakushauri ushike mapema mlinganyo wa Manning, unaokadiria maji yanayopita kwenye mtaro, kwa sababu utaishi nao. Mtaro wa zege laini una kigezo cha ukwaruzo cha karibu 0.013. Uache uote majani na ujae matope mpaka kigezo kifike 0.035, na mtaro ule ule, wenye mteremko ule ule, ukijaa hadi ukingoni unapitisha kidogo tu zaidi ya theluthi ya maji yake. Bado hatujahesabu nafasi iliyoliwa na tope lenyewe wala chupa za plastiki. Ukipita bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, kumbuka kwamba namba hiyo ndogo unayoitafuta kwenye jedwali inaamua maji yataishia wapi.

Sasa nije kwenye mekanika ya udongo, ambalo ndilo nimelifanyia kazi maisha yangu yote na ndilo nalipenda kuliko mengine. Hili watakwambia ni rahisi. Mitihani yake, kweli, haitishi. Linatisha baadaye, ukiwa na kofia ya saiti kichwani. Chuma unakinunua kikiwa na cheti chake. Udongo unaukuta ulivyo, na unabadilika tabia kila msimu.

Karl Terzaghi, aliyekuwa akifundisha Istanbul, alitoa kitabu chake mwaka 1925, na wazo lililo moyoni mwa somo hili linaingia katika sentensi moja: udongo unasimama kwa mgandamizo unaobaki kati ya chembe zake baada ya kuondoa kanieneo ya maji. Piga hesabu. Kwenye kina cha mita 4, udongo mkavu wenye uzito wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo unakupa mgandamizo wa kilopaskali 72 kati ya chembe. Mvua inyeshe, maji yapande mpaka usawa wa ardhi, uzito wa udongo ufike kilonyutoni 20. Jumla imekuwa 80, lakini maji yenyewe yamechukua 39. Zimebaki 41. Uzito umeongezeka na uimara umepungua karibu nusu, na hakuna mtu aliyegusa chochote. Kingo za barabara zinazoporomoka masika huko milimani, nyingi ni hesabu hii hii. Ukiifanya mara nyingi, ukabadilisha kina na usawa wa maji mwenyewe bila kungoja zoezi, utakuwa umeshika nusu ya somo.

Nusu nyingine haimo kitabuni. Ule udongo mweusi wa mbuga, wa kule Shinyanga, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na unainua nyumba ya chini kwa urahisi kuliko ghorofa, kwa sababu nyumba ya chini haina uzito wa kuukandamiza. Nenda maabara, ulowanishe, uufinyange, upime mwenyewe. Usiache wenzako wa kundi wafanye kipimo wewe ukinakili namba.

Usanifu wa zege na wa chuma sitausema sana: ni kurasa nyingi za kanuni, zinataka nidhamu na usingizi wa kutosha. Upimaji ardhi unataka miguu. Hayo utayaweza.

Unauliza pia kwa nini wakufunzi hawana huruma katika usahihishaji. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka, watu 36 wakafa. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi tangu siku ile sijaona alama za mtihani wa miundo kama jambo la mwanafunzi peke yake, na nadhani wanaowafundisha wengi wanaona hivyo pia.

Basi fanya hivi. Lile zoezi la boriti yenye nguzo tatu ulilosema limekushinda, lipige picha pamoja na michoro yako yote, hata iliyofutwa, unitumie leo. Usinitumie jibu la rafiki yako; nataka nione ulipokwama. Jumamosi nipo nyumbani, nitakupigia saa mbili usiku tulimalize pamoja. Na kuhusu mafunzo kwa vitendo, usiombe ofisini. Omba maabara ya udongo au saiti yenye msingi unaochimbwa, na buti utaletewa na baba yako akija huko mwisho wa mwezi. Anakusalimu sana, anauliza kama bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, limeingia.

Nakupenda.

Mama yako