Shukrani kwa Mpishi Aliyenionyesha Jokofu la Nyuma

Nikiwa mkaguzi wa usalama wa chakula wa halmashauri ya jiji, namshukuru kwa dhati mpishi mmoja ambaye sitamtaja jina, maana kumtaja kungeweza kumponza kazini. Wakati wa ukaguzi aliniongoza hadi kwenye jokofu la nyuma, akaniomba nisitegemee namba inayoonekana mlangoni, bali nichome kipimajoto katikati ya sufuria ya wali uliopikwa siku iliyotangulia. Kilisoma nyuzi 14 za Selsiasi, ilhali chakula cha namna hiyo hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 5, na wali uliopoa polepole huweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo hata kuupasha moto upya hakuiondoi. Mkaguzi huona ya saa chache tu. Anayejua jiko linavyoendeshwa usiku ni mfanyakazi, naye mara nyingi hunyamaza akihofia kibarua chake kuota nyasi. Wali ule ulitupwa mbele yangu, na jokofu halikutumika tena hadi fundi alipolitengeneza. Nakushukuru pia, ndugu yangu mpishi, kwa karatasi ya vipimo vya kila asubuhi uliyokuwa ukiijaza bila kuagizwa na mtu, kwani ndiyo iliyonionyesha hitilafu ilianza lini.